Leseni Zilizokuwa Njiani Sheria Ilipobadilika

Wanangu mnaoanza kazi ya leseni, nimesikia mmekabidhiwa lile kabati la chuma ambalo mlango wake haufungi mpaka uupige goti. Nililitumia miaka mingi. Sasa nimestaafu, nalima mahindi na migomba hapa Tarime, na bado vijana wa ofisini hunipigia simu kuuliza faili la fulani liko wapi. Nikikumbuka nawaambia. Ninayoandika hapa ni yale ambayo hakuna aliyewahi kunipigia simu kuyauliza, na ningekuwa na uso mkavu zaidi ningeyanyamazia.

Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya watu wanaotaka kukopesha wenzao fedha. Ofisi siitaji, wakubwa wangu siwataji. Wengine tunasali nao kanisa moja na wake zao tunachota maji bomba moja.

Nianze na la kuchekesha, maana mbele hakuchekeshi sana. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja kutoka Kerende, ameshika fimbo, amevaa koti la sherehe. Akasema anataka mambo ya mkopo. Nikampa fomu, nikamsaidia kuijaza, nikapokea picha zake mbili, nikamwambia asubiri majibu. Alisubiri kweli. Alikuwa anapita kila akija mnadani, ananisalimia kwa upole na kuondoka. Siku moja akaleta mfuko mtupu wa salfeti na kuuliza kama fedha zake zimefika, kwa sababu ng'ombe aliyetaka kununua ameshachumbiwa na mtu mwingine. Ndipo nikatambua kwamba mzee alikuja kuwa mkopaji, na mimi nilikuwa naelekea kumfanya mkopeshaji. Herufi chache tu katikati ya neno. Tangu siku hiyo sikumpa mtu fomu kabla sijamuuliza kwa Kiswahili cha kawaida, na akishindwa, kwa Kikurya: fedha zinatoka kwako au zinakuja kwako? Ulizeni hivyo hivyo. Msione haya kuuliza swali la kitoto. Haya ya baadaye ni kubwa kuliko hiyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Okelo, Mjaluo wa upande wa Rorya, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayezungumza wodini. Alikuwa na mambo mawili aliyoyarudia mpaka nikachoka. La kwanza lilikuwa mhuri. Ombi likiingia, unaligonga mhuri wa tarehe ya kupokelewa, na nakala moja yenye mhuri huo huo mwombaji anaondoka nayo. Si kesho, si ukishamaliza chai. Alisema ombi lisilo na mhuri ni karatasi ya kufungia mandazi. La pili lilikuwa juu ya sheria. Alisema sheria mpya ikija usiisome kuanzia mwanzo, isome kuanzia nyuma. Mwanzoni, alisema, wanaandika wanachotaka kiwe. Nyuma kabisa ndipo wanapoandika watawafanya nini watu ambao tayari wako njiani.

La mhuri nililishika mara moja. La kusoma kuanzia nyuma niliona ni mambo ya wazee.

Basi sheria ikabadilika. Wengi wenu mmeikuta mpya, hamjui ilivyokuwa. Zamani mtu wa Tarime akitaka kukopesha, alikuja kwetu, akapata leseni ya biashara kama mwenye duka au mwenye mashine ya kusaga. Hakuna aliyemuuliza riba yake wala anavyodai. Sheria mpya ikasema ukopeshaji uwe na msimamizi wake wa juu, wa taifa, na mwombaji awe na kampuni iliyosajiliwa, mtaji wa kiwango fulani, na mambo mengine. Sisi wa wilayani tukabaki na vikundi vidogo vya kuweka na kukopa. Sheria ilikuwa nzuri. Nataka mlijue hilo, kwa sababu kule vijijini watu walikuwa wameumizwa na ile mikopo wanayoiita kausha damu, ambayo mtu anakopa asubuhi ya kununulia unga na baada ya wiki anabebewa godoro.

Tatizo lilikuwa kabati. Ndani yake kulikuwa na maombi yaliyofika chini ya utaratibu wa zamani na hayajajibiwa. Msimamizi wa zamani alikuwa ameshaweka kalamu chini, yule mpya alikuwa bado anatafuta meza. Na mwombaji yuko katikati, anapita kila mnada kuuliza.

Tukaambiwa tupeleke mafaili Musoma ili yasafirishwe juu. Nikayafunga kwenye boksi, nikaandika vizuri, nikampa kondakta wa basi. Nadhani alichanganya mizigo ya kwenda na ya kuja, sijui, lakini boksi langu lilielekea Sirari badala ya Musoma, likavuka mpaka pamoja na magunia ya watu. Nikapigiwa simu na dada mmoja wa ofisi ya mizigo upande wa Kenya. Akaniambia, "Madam, hii boksi yenu iko huku. Mtu akuje aichukue, ama tuwapatie wamama wa mandazi?" Nilikwenda mwenyewe. Yalikuwa salama yote, yamelala juu ya makreti ya soda, nikayarudisha kabatini hadi Musoma watuite tena. Mzee Okelo, ambaye alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, aliposikia alicheka mpaka akakohoa, akasema mafaili yangu yamefika mbali kuliko mimi. Toka hapo, faili la mtu nililipeleka kwa mkono, na anayepokea anasaini jina kwa jina. Leo mna mfumo wa kompyuta, lakini nao hupoteza vitu, tena bila dada wa kukupigia simu.

Sasa nimfikie Mama Ghati.

Mama Ghati alikuwa ameolewa Kewanja, kule karibu na mgodi. Alikuwa na chumba cha barabarani anauza vitenge na madera, na nyuma ya vitenge alikuwa anakopesha wanawake wanaopikia wachimbaji. Mikopo ya kununua mchele, maharage, mkaa. Mtu anachukua Jumatatu, anarudisha taratibu kadiri anavyouza. Aliyefiwa alimpumzisha. Alisikia redioni kwamba sheria inakuja, akapanda gari mwenyewe hadi ofisini kabla hata sisi hatujaanza kutangaza. Nilimuuliza nani amemtuma. Akasema hakuna, ila hataki kuishi akikimbia mtu, anataka karatasi ukutani.

Nilipokea ombi lake, nikaligonga mhuri, nikampa nakala. Baadaye nilikwenda Kewanja kumkagua kama utaratibu ulivyotaka. Aliniandalia viazi vitamu na chai ya maziwa, mama mkwe wake akaketi nasi, tukaongea habari za watoto. Wakati naondoka akanisindikiza hadi barabarani na akaniuliza swali ambalo nawasihi mlishike kuliko yote niliyokwisha kusema. Aliniuliza, "Mama, wakati nasubiri, niendelee au niache?"

 Nikamwambia nitauliza. Nikamuuliza mkuu wangu wa idara, naye akauliza mkoani, mkoani wakasema mwongozo unakuja. Mwongozo ukawa kama mvua ya Septemba, unasikia ngurumo upande wa Serengeti na hudondokewi na tone. Kila Mama Ghati alipopiga simu nilimwambia asubiri kidogo. Naye aliendelea na wateja wake wa zamani, kwa sababu asingeweza kuwaambia wanawake wale waache kupika mpaka serikali ikubaliane na serikali.

Kisha ikaja amri kutoka juu kwamba wakopeshaji wasio na leseni wasakwe na kufungiwa. Narudia tena, kilio cha kausha damu kilikuwa kikubwa na amri ilikuwa ya haki. Kila wilaya ipeleke taarifa imefungia nani na nani ndani ya wiki, na wiki ilikuwa fupi.

Mkuu wangu aliniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye simu mbili, na zote zilikuwa zinaita. Akaniambia nimletee mafaili ya maombi ambayo hayajajibiwa. Nilidhani hatimaye yanashughulikiwa, nikayabeba kwa furaha kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa. Akaanza kunakili majina na vijiji. Nilipoelewa nilimwambia hapana mkuu, hawa ndio waliokuja wenyewe. Wanaotafutwa hawana faili hapa.

Akainua macho. "Wana leseni?"

"Hawana, lakini wameomba."

"Sijakuuliza kama wameomba."

Nilibishana naye kadiri mtu wa cheo changu anavyoweza kubishana. Nikamtajia kijana mmoja wa Nyamongo ambaye kila mtu alimjua, anayezunguka na pikipiki nyekundu, anayechukua kadi za benki za watu na namba zao za siri kama dhamana. Mkuu akaniuliza kijana huyo anakaa nyumba gani. Nikamwambia hana ofisi, anakaa kwenye pikipiki. Akaniuliza, yeye akiandika anakaa kwenye pikipiki, huko juu watamwelewaje. Halafu akasema niingie kwenye gari, kwa kuwa njia ya kwa Mama Ghati naijua mimi.

Ndivyo nilivyorudi Kewanja, nimekaa kiti cha mbele, nyuma wamepakiwa mgambo na afisa mwingine. Niliomba gari liharibike. Gari la serikali linalozima kila mlima, siku hiyo lilipanda kama jipya.

Ilikuwa siku ya soko. Vumbi la malori lilikuwa juu na watu wamejaa hadi barabarani. Mama Ghati aliliona gari, akaniona mimi. Akatoka anafuta mikono kwenye kanga, uso umechangamka, akawaambia waliokuwa dukani kwamba yule mama wa leseni amekuja. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Karibu mama, kumbe mmeamua kuniletea wenyewe."

Wanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili, na nimesimamishwa mbele ya bodi nikajieleza kwa kosa la mtu mwingine. Sijawahi kutamani ardhi initafune kama nilivyotamani pale.  Afisa mwenzangu ndiye aliyesema. Alisoma karatasi kwa sauti ya mkutanoni, kwamba kwa kuendesha biashara ya kukopesha bila leseni duka hili linafungwa.  Mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, alisimama taratibu akashika nguzo.

Mama Ghati hakupiga kelele. Alitazama ile karatasi, kisha akanitazama mimi. Aliomba kitu kimoja tu, aruhusiwe kuingia nyuma kuepua maharage jikoni, yataungua. Mgambo wakaangaliana. Nikasema aingie. Akatoka na sufuria mikononi, akasimama nayo barabarani, mvuke unampiga usoni, mgambo wakafunga kufuli.

Na wakati tunarudi garini, akapita yule kijana wa pikipiki nyekundu. Alipunguza mwendo. Akaona kufuli, akatuona sisi, akaelewa. Akanigeukia mimi kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo mama."

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini? Mtu akikuamkia unaitikia. 

Taarifa ilikwenda juu, na wilaya yetu ilisifiwa. Nilipata hata soda kwenye kikao. Mimi nikarudi mezani, na kila nilipofungua kabati niliona mafaili yale kama watu waliopanga foleni kwa adabu mlangoni mwa nyumba inayowatoza faini kwa kupanga foleni.

Nilimpigia simu Mzee Okelo. Nilimweleza yote, na ya shikamoo pia.  Akaniuliza, "Sheria yenyewe umeisoma kuanzia nyuma?"

Ukweli ni kwamba hatukuwa hata na sheria yenyewe. Tulikuwa na muhtasari, kurasa chache zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp, na sote tulifanyia kazi muhtasari huo kana kwamba ni Biblia. Nilikwenda stationeri ya karibu na stendi, kijana akanitafutia sheria nzima na kuichapa. Sikwenda hata nyumbani. Nilikaa kwenye benchi pale pale, watu wanatoa kopi za vyeti, nikaigeuza na kuanza nyuma.

Yalikuwepo. Kurasa za mwisho kabisa, masharti ya mpito. Yalisema, kwa maneno marefu ya kisheria, kwamba aliyekuwa akikopesha kabla ya sheria kuanza anapewa muda wa kujipanga, na ndani ya muda huo anaruhusiwa kuendelea. Muda ule ulikuwa haujaisha. Mama Ghati hakuwa amevunja chochote. Swali lake la barabarani lilikuwa na jibu tangu siku aliyouliza, na jibu lilikuwa endelea.

Nilipompelekea mkuu wangu, alisoma mara mbili. Akavua miwani, akajifuta uso. Hakubisha, na kwa hilo namheshimu. Alisema tu nichukue ufunguo, nikafungue, nifanye kimya kimya bila kuita watu, na nimwambie yule mama kulitokea kutoelewana kidogo.

Nikaenda Kewanja na ufunguo kwenye mkoba. Nilimkuta Mama Ghati nyumbani, si dukani. Alinikaribisha ndani, akanipa maji. Hakuna viazi safari hii. Nilimweleza kila kitu, nikamwonyesha kurasa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hataki.

"Mlifunga mchana, soko limejaa," alisema. "Mtafungua mchana, soko limejaa. Na mtasema kwa mdomo."

Nilimwambia mkubwa hatakuja. Akasema aliyekuja siku ile atatosha.

Siku ya soko iliyofuata wazee waliita ritongo, ule mkutano wa hadhara ambao Wakurya huuitisha ng'ombe wa mtu wakiibiwa. Mwenyekiti wa kijiji aliniambia wazee waliona hili nalo ni wizi, ila hawajui waandike nini kimeibiwa. Walikuwepo wanaume wengi wameketi chini, wanawake pembeni, mama mkwe wa Mama Ghati mbele kabisa kwenye kile kiti chake cha plastiki. Nikapewa nafasi ya kusema.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za mamlaka ya zamani na mpya. Nilipoziona nyuso zile nikaziacha habari hizo. Nilisema, "Tulimfungia mtu asiye na kosa. Tulimwita mvunja sheria mbele yenu na hakuvunja sheria. Naomba msamaha kwake, kwa mama yake na kwenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea mkuki aliomba kuuliza. Hakuwa mkali. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kujua njia. Alisema kwenye kijiji hiki wakopeshaji wabaya wanajulikana hata kwa watoto, je, sisi tulipotoka mjini kuwatafuta, ilikuwaje gari likafika kwa huyu?

Ningeweza kusema kosa la kibinadamu. Ningeweza kusema maelekezo. Nikamjibu, "Baba, tulikwenda kwa wale ambao tulikuwa na majina yao."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia akaifahamu, akaketi. Niliona maneno yale yakipita kwenye mkutano, mtu anamtafsiria jirani yake kwa Kikurya, jirani anamtafsiria mwingine, hadi kwa wanawake pembeni. Ningejua yatafika wapi ningeyafunga mdomoni. Au pengine nisingeyafunga, maana yalikuwa kweli.

Kufuli likafunguliwa. Ndani vitenge vilikuwa vimepauka upande mmoja kwa jua la dirishani, na panya walikuwa wamepita.

Mnaweza kudhani hapo pameisha vizuri. Lile ombi lake nililipeleka Musoma kwa mkono wangu, likasainiwa, likaenda juu, na kwa kuwa nakala yake ilikuwa na mhuri wa siku ya kupokelewa, hakuna aliyemwambia aanze upya. Wengine, waliopokelewa na wenzangu na nakala zao hazikuwa na mhuri, walianza upya, na wengine walichoka. Kwa hiyo la Mzee Okelo la mhuri lishikeni. Na ukipokea faili lililo njiani, mwandikie mwombaji barua ya mistari miwili, ombi lako sasa liko kwa fulani, na katika kungoja unaruhusiwa hili na huruhusiwi hili. Kama hujui, andika kwamba hujui na nani unamuuliza. Usiseme subiri kidogo. Neno kidogo halina tarehe.

Alipotimiza masharti mapya ya kampuni na mtaji, leseni ya Mama Ghati ilitoka. Nilimpelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaifunga ndani ya kitenge na kuiweka kabatini. Hakuining'iniza ukutani. Aliniambia hatakopesha tena, atauza vitenge. Wateja wake, wakati kufuli liko mlangoni, walikuwa wameshakwenda kwa yule kijana wa pikipiki, kwa sababu wachimbaji wanakula kila siku na mchele haupatikani kwa kusubiri. Nilimuuliza wamefikia wapi. Akanitajia wachache. Mmoja aliitwa Nyangi, aliyekuwa akipika wali na maharage karibu na wanaposaga mawe. Mama Ghati alisema Nyangi alichukuliwa masufuria, benchi na hata turubai la kivulini, akambeba mwanawe akaondoka, na hakuna anayejua alikoelekea. Alinisimulia bila kunilaumu. Nilitamani anilaumu.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilihamishiwa Serengeti. Mafaili ya wakopeshaji wakubwa hayakuwa yangu tena, niliwekwa upande wa vikundi. Kazi ilikuwa kuzunguka vijijini kuwaeleza wanawake na wanaume faida ya kusajili vikundi vyao vya kuweka na kukopa, kwamba ukishasajiliwa unatambulika, unaweza kupata mkopo wa serikali, ukidhulumiwa una pa kusemea. Niliifanya vizuri. Nilikuwa na mifano, nilikuwa na utani, na ule wa mzee wa Kerende na mfuko wa salfeti haukuwahi kushindwa.

Siku moja nilikwenda Kenyamonta. Kulikuwa na kikundi cha wanawake kilichosifiwa na mtendaji wa kata, wanakutana kwenye uwanja wa shule, wana sanduku lao na kanuni zao, hawajawahi kugombana. Ila kila wakiombwa kusajili wanasema watafikiri. Mtendaji aliniambia nikawalainishe.

Niliwakuta wameketi kwenye nyasi. Nikasimama mbele yao, nikasema yangu yote, wakacheka penye kuchekwa. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali, na fomu tayari nilikuwa nimeishika mkononi na kalamu.

Akanyoosha mkono mwanamke mwembamba aliyekuwa na mtoto wa shule ubavuni. Akasimama, akaniamkia shikamoo, nikaitikia. Akauliza, "Mama, tukijiandikisha, majina yetu yatakuwa ofisini?"

Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo faida yenyewe.

"Mimi naitwa Nyangi," akasema. "Nilikuwa napika Kewanja. Siku ya mkutano nilikuwa nimerudi kuchukua jiko langu. Nilikusikia ulivyomjibu yule mzee."

 Hakuwaeleza wenzake ni mkutano gani, na nilivyowaona hawakuhitaji kuelezwa, alikuwa ameshawaeleza zamani. Ndiyo maana walikuwa wakifikiri miaka yote ile. Walinitazama, wala si kwa chuki, walinitazama kama unavyomtazama mtu unayengoja ajibu jambo jepesi.  Sheria ya vikundi nilikuwa nimeisoma kuanzia nyuma hadi mbele, na humo hamkuwa na la kumwambia Nyangi.

Nikasema, "Ulisikia sawasawa."

Upepo ulikuwa unavuma, fomu zinapigapiga mkononi mwangu. Nyangi ndiye aliyeniokoa. Aliwageukia wenzake akawaambia mama amesimama muda mrefu, mgeni hasimamishwi, apewe kiti. Kikaletwa kutoka darasani. Wakafungua sanduku lao, wakaanza kuitana majina, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kama watu wa nyumba moja. Niliketi kati yao mpaka walipofunga. Kalamu niliirudisha kwenye mkoba, na sikuandika hata jina moja.